Tupige Picha Nyumba za Bibi Zingali Zimesimama

Akina mama wengi tuna albamu ya picha kabatini. Mgeni akija tunamkabidhi, naye anafungua ukurasa baada ya ukurasa: harusi, ubatizo wa watoto, kipaimara, kumaliza darasa la saba, na pengine mazishi ya mzazi. Ni picha nzuri, na kila moja ina kumbukumbu yake. Lakini hebu tujiulize, mpendwa msomaji. Je, katika albamu hizo iko picha hata moja ya nyumba aliyozaliwa baba wa watoto wetu? Iko picha ya jiko alilopikia mama mkwe miaka arobaini? Iko picha ya kanisa la kwanza la kijiji, lile la miti na udongo? Katika nyumba nyingi hakuna. Picha hupigwa siku ya sherehe, na mahali tunapoishi siku zote hapapigwi.

Sisi tunaoandika makala haya ni akina mama wanne wa Kibingo, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Mmoja wetu ana kamera ndogo aliyoletewa na mwanawe, wengine tunatumia simu. Jumamosi moja ya kila mwezi, kazi za nyumbani zikiisha, tunatoka kwa miguu au kwa bodaboda, tunafuata njia ndogo ndogo za vijijini, tunapiga picha nyumba za zamani, maghala, makanisa, na jinsi nchi inavyobadilika majira kwa majira. Wengine walitucheka mwanzoni. Walisema hiyo ni kazi ya watalii. Tumeona kwamba ni kazi ya mama wa nyumba, na tungependa kueleza kwa nini.

KIBANJA NA RWEYA

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya ya peke yake. Kwa hiyo tukisema Karagwe hapa, tuna maana ya nchi hii yote ya vilima, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda, Isingiro, Kaisho na Murongo mpakani. Mto Kagera unatuzunguka upande wa magharibi na wa kaskazini. Ng'ambo yake ni Rwanda na Uganda. Jina la Kibingo lenyewe linatukumbusha matete marefu, ambayo katika lugha za huku huitwa kwa jina la namna hiyo hiyo.

Mgeni akisimama juu ya kilima chochote ataona mambo mawili. La kwanza ni kibanja, yaani shamba la nyumbani: migomba, mibuni kati yake, maharage chini, na nyumba imejificha katikati. La pili ni rweya, nyika ya majani iliyo juu ya vilima na kandokando yake. Zamani rweya ilikuwa ya wote. Ng'ombe walilisha huko, na akina mama walikwenda huko kukata majani ya kuezekea na ya kutandika chini ndani ya nyumba. Leo rweya inapungua. Hapa pamepandwa miti ya paini na mikaratusi, pale pamekuwa shamba la mtu. Mwanamke anayetaka majani mazuri ya kuezekea hutembea mbali kuliko alivyotembea bibi yake.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza hifadhi za taifa mbili katika nchi yetu hii, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Tunafurahi, kwa maana wageni watakuja, watapiga picha wanyama na mabonde, na picha hizo zitazunguka duniani. Lakini mgeni huyo hatapita kwenye njia ya mgombani kupiga picha jiko la bibi. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

MAJIRA HUONEKANA NJIANI

Watu husema kwamba huku kwetu hakuna majira, kuna mvua na jua tu. Mtu anayepita njia ile ile kila mwezi hawezi kusema hivyo.

Mwezi wa Juni hadi Agosti ni kiangazi, ambacho wazee hukiita ekyanda. Njia ni vumbi jekundu, na majani ya migomba iliyo kando ya barabara yanakuwa mekundu nayo. Ni wakati wa kuchuma kahawa. Mbele ya kila nyumba kahawa imeanikwa, na mama yuko pale na watoto akiigeuza na kutazama mbingu. Rweya imekauka, na mara nyingi inachomwa moto. Moshi hujaa hewani hata vilima vya mbali havionekani. Picha za mbali hazifai wakati huo, lakini picha za karibu, za mlango, za uso wa mtu, za mikono juu ya kahawa, zinatoka vizuri sana.

Mwezi wa Septemba mvua inarudi. Baada ya wiki mbili au tatu kilima kilichokuwa cheusi kwa moto kinakuwa kijani kibichi. Mvua ikinyesha baada ya ukame, mibuni huchanua maua meupe yenye harufu tamu, na maua hayo hudumu siku chache tu. Usipopita wiki hiyo, hukuyaona. Akina mama wako shambani wakipanda maharage. Novemba huja senene, na hapo hakuna anayehitaji kuelezwa: usiku taa zinawaka, watoto hawalali, na asubuhi mama ameketi na ungo akiwanyonyoa miguu na mabawa.

Januari na Februari jua linarudi kwa muda, maharage yamekwisha kuvunwa. Machi hadi Mei ni masika. Wakati huo njia za Kibingo zinateleza kama sabuni na bodaboda wanapandisha bei, lakini asubuhi baada ya mvua ya usiku hewa ni safi ajabu. Ukungu unalala mabondeni kama maziwa ndani ya bakuli, na ukisimama juu upande wa magharibi wa wilaya unaona vilima vya Rwanda.

Tumechagua mahali patatu, kwenye njia panda, kwenye kisima, na mbele ya nyumba moja ya zamani, na kila msimu tunapiga picha pale pale, tumesimama pale pale. Tukizipanga picha hizo mezani, hata watoto wadogo wanazitazama kwa mshangao. Wameona mwaka mzima kwa mara moja. Na sisi tumeona jambo jingine: kila mvua ya masika ikipita, ukuta wa nyumba ile umepungua.

MAJENGO YANAYOONDOKA

Jengo la zamani kuliko yote katika nchi yetu ni msonge, ile nyumba ya duara iliyoezekwa majani kuanzia juu hadi chini kabisa. Vijana wengi wameuona kwenye picha tu. Bibi zetu waliolewa humo. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi mzuri, majani yametandikwa sakafuni, mahali pa moto katikati, kuta za matete zikitenga mahali pa kulala, na sehemu ya mifugo humo humo. Kila mtu alijua mahali pake pa kuketi. Baadaye zikaja nyumba za pembe nne, za miti na udongo, kisha za matofali na mabati. Hatusemi turudi kwenye msonge. Mama aliyevuta moshi miaka hamsini hawezi kuutamani. Tunasema tu kwamba ule ulikuwa ujenzi wa akili, na waliojua kuujenga na kuutunza wanaondoka mmoja mmoja.

Jengo la pili ni ghala la kahawa la chama cha msingi. Katika vijiji vyetu utaliona kando ya barabara, limepigwa bati, mlango mpana, na mzani ulikuwa ukining'inia humo. Ushirika wa kahawa una historia ndefu mkoani kwetu. Chama kikuu cha Bukoba, kilichojulikana kama BNCU, kilianza mwaka 1950. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, kisha vikarudishwa katika miaka ya 1980. Chama cha Karagwe, KDCU, kilianza mwaka 1990. Mama anapoona ghala la zamani haoni bati tu. Anakumbuka magunia aliyoyabeba kichwani, na foleni ya siku nzima. Anakumbuka pia kwamba kitabu kilikuwa na jina la mume, ingawa mikono iliyochuma na kuanika ilikuwa yake. Mmoja wetu alimpiga picha mama mzee amesimama mlangoni mwa ghala la namna hiyo. Mama yule akasema, "Leo ndiyo siku ya kwanza jina langu kuandikwa hapa." Alikuwa na maana ya maandishi tuliyoweka nyuma ya picha.

Jengo la tatu ni nyumba ya ibada. Injili ilitufikia kutoka upande wa Bukoba: mapadre wa White Fathers walianza Kashozi mwaka 1892, na wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Kutoka huko, makatekista na wainjilisti, wengi wao wazalendo, waliibeba habari njema hadi vilimani kwetu. Leo Walutheri wana Dayosisi ya Karagwe tangu mwaka 1979, na Wakatoliki wana Jimbo la Kayanga tangu mwaka 2008. Makanisa makubwa yamejengwa, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini mara nyingi kanisa jipya linasimama pale pale lilipokuwa la zamani, na la zamani hubomolewa ili matofali yatumike. Kisha baada ya miaka ishirini mtoto anauliza, "Bibi alibatizwa wapi?" na hakuna cha kumwonyesha.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika kadhaa alasiri, ardhi ya mkoa wa Kagera ilitetemeka. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9, watu walifariki, na nyumba nyingi ziliangushwa, hasa upande wa Bukoba. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tulitikiswa pia. Nyumba za matofali zilizojengwa kwa udongo bila saruji ziliumia sana. Siku ile tulijifunza jambo ambalo mvua ilikuwa ikitufundisha polepole: nyumba iliyosimama miaka sitini inaweza kutoweka kwa dakika moja.

Wala si sisi peke yetu. Huko Kanada, kwenye nyika kubwa za ngano, wakulima walikuwa na maghala marefu ya mbao kando ya reli, zaidi ya 5,000 katika miaka ya 1930. Leo yamebaki machache tu, na watu wazima wanasafiri siku nzima kwenye njia za vumbi ili wayapige picha kabla hayajabomolewa. Tukisoma habari hizo tunajiona. Ghala lao la ngano na ghala letu la kahawa ni ndugu.

WALIOTUCHORA KABLA YETU

Mwezi wa Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Aliwapokea kwa wema mkubwa. Speke alipoendelea na safari, Grant alibaki kwa sababu mguu wake uliugua, akakaa hadi Aprili 1862. Alipokuwa kwetu alichora picha za watu na nchi, na michoro ya safari yake imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Mwaka 1876 alikuja Henry Morton Stanley, naye akaandika habari za nyumba ya hazina ya mfalme, iliyojaa mikuki na sanamu za shaba. Nyumba ile haipo tena. Tunajua habari zake kwa sababu mtu mmoja aliingia, akatazama, akaandika.

Kwa hiyo tunawashukuru wageni wale. Lakini iko habari moja ambayo kila mwanamke wa Karagwe angefaa kuijua. Wanawake wa nyumba ya mfalme walilishwa maziwa kwa wingi ili wanenepe, kwa kuwa unene ulikuwa uzuri na heshima. Speke alipomwona mmoja wao, shemeji ya mfalme, alichukua kipimo akampima mkono, kifua, paja na urefu, akaandika inchi zake kitabuni. Dunia ikasoma vipimo vya mwili wake. Sisi tungependa kujua alizaa watoto wangapi, aliimba nini jioni, alimwomba nani alipoumwa. Anayetoka mbali huandika linalomshangaza. Mtu wa nyumbani huuliza linalomhusu.

"MNAPIGA PICHA UMASKINI WETU?"

Swali hilo tuliulizwa na bibi mmoja katika matembezi yetu ya kwanza. Tulikuwa tumesimama njiani tukitazama nyumba yake ya udongo, nzuri sana, yenye mlango wa mbao uliochongwa kwa shoka. Alitoka akatuuliza kwa sauti kali. Na alikuwa na haki. Amekwisha kuwaona watu wakija na kamera, wakipiga picha ukuta uliobomoka na mtoto asiye na shati, wakaondoka, na picha zisirudi.

Tulimwamkia, "Shikamoo Bibi," tukapiga magoti kama ilivyo desturi, tukamweleza sisi ni wake wa nani na tunakaa wapi. Tukamwambia, "Bibi, watoto wetu hawajui nyumba kama hii. Tunataka utufundishe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ngojeni nivae." Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya na kilemba, akaketi mlangoni kama malkia. Picha ile ndiyo nzuri kuliko zote tulizonazo. Juma lililofuata tulimpelekea nakala yake, na sasa imetundikwa ukutani.

Tangu siku ile tumekuwa na sheria tatu. Hatupigi picha kabla ya salamu na ruhusa. Hatumpigi mtu picha katika hali ambayo sisi wenyewe tusingependa kupigwa. Na picha ya kwanza inayosafishwa ni ya mwenye nyumba. Waswahili wamesema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwenye kamera asiyeingia ndani, akaketi na kusikiliza, amepata picha ya ukuta tu.

PICHA ILIYOOKOA KABURI

Tutaeleza kisa kimoja, bila kutaja majina, kwa ruhusa ya wenyewe. Katika kijiji kimoja jirani yupo mama mwenzetu ambaye mume wake aliamua kubomoa nyumba ya zamani ya mama yake na kujenga mpya ya matofali ya kuchoma. Ni jambo jema, mama mkwe alikuwa akinyeshewa. Vijana walikwisha kupima msingi kwa kamba. Mke akamwomba mumewe, "Baba watoto, kabla hatujabomoa, tumpige Mama picha ndani ya nyumba yake, atuonyeshe kila mahali." Mume aliona ni kupoteza muda, lakini akakubali.

Tulifika siku hiyo. Mama mkwe, mwenye miaka zaidi ya themanini, alizunguka nasi polepole akishika fimbo. Alionyesha mahali pa kitanda, mahali alipomzaa huyu na huyu, mahali pa kuhifadhi mbegu za maharage. Tukatoka nje. Alipofika kwenye kona ya kibanja, karibu na mgomba mmoja, alisimama. Akasema, "Hapa yuko mkubwa wenu." Mwanawe akamtazama. Hakuwa akijua. Mtoto wa kwanza wa mama yule alikufa kwa surua akiwa hajafikisha miaka miwili, kabla wengine hawajazaliwa, na baba yao hakutaka itajwe. Kamba ya msingi mpya ilikuwa imepita juu ya mahali pale pale.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha yule mwanamume akaiondoa kamba kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba mpya ilisogezwa hatua kumi. Mchungaji aliitwa, sala ikafanywa, msalaba mdogo ukawekwa, na jina la mtoto yule, ambalo mama alilibeba peke yake zaidi ya miaka sitini, likaandikwa. Mama mkwe alilia, lakini alilala usingizi mzuri usiku ule. Alisema mwenyewe asubuhi. Nyumba ya zamani ilibomolewa wiki ile ile. Picha zake zimo katika nyumba mpya, sebuleni.

Je, si kweli kwamba kuta zinaficha mengi? Mzee akiulizwa tu, "Tueleze habari za zamani," mara nyingi hajui aanzie wapi. Lakini mpeleke mlangoni, mwambie akuonyeshe, na maneno yatatoka yenyewe.

NAMNA YA KUANZA

Baadhi ya akina mama watasema, "Mimi sina kamera, na mume wangu hataniruhusu kutembea ovyo." Tunajibu hivi. Anza na nyumba ya mama mkwe wako. Hakuna mume atakayekataza mkewe kumheshimu mama yake. Waume zetu wawili walikuwa wagumu mwanzoni; walipoona picha ya shamba la baba yao jinsi lilivyokuwa kabla ya ugonjwa wa mnyauko kuiua migomba, sasa wao ndio wanaotukumbusha Jumamosi ikifika. Mwambie mume unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, usiende peke yako, na uache chakula tayari. Mkiweza, nendeni pamoja na watoto.

Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Toka mapema, saa moja hadi saa tatu asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi. Jua la saa sita hufanya nyuso kuwa nyeusi na kuta kuwa nyeupe mno.

2. Jua liwe nyuma yako au ubavuni, si mbele yako. Futa kioo cha kamera au simu kwa kitambaa laini, maana vumbi la kiangazi huharibu picha nyingi.

3. Piga nyumba nzima kwanza, ukionyesha na migomba iliyoizunguka. Kisha mlango, kisha jiko, kisha vyombo: chungu, kinu, ungo, kibuyu cha maziwa.

4. Mweke mwenye nyumba katika picha. Nyumba isiyo na mtu huwa kama gofu hata kama haijabomoka.

5. Usiegemee ukuta wa zamani wala kuingia ndani ya jengo lililopinda, hasa wakati wa masika. Picha si bora kuliko uhai.

6. Chagua mahali pamoja na upige pale pale kila msimu. Weka jiwe ili ukumbuke mahali pa kusimama.

7. Andika siku hiyo hiyo katika daftari: jina la mwenye nyumba, kijiji, mwaka iliojengwa, nani aliijenga, na maneno mawili matatu aliyosema. Mali bila daftari hupotea bila habari.

8. Usiziache picha ndani ya simu. Simu huibwa, huanguka, hubadilishwa. Safisha chache zilizo bora, andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi, zihifadhi mahali pakavu mbali na mchwa. Toa moja kwa mwenye nyumba na moja kwa usharika au parokia.

Kwa upande wa gharama, sisi hutoa kiasi kidogo kila mwezi katika kikapu chetu, kama tufanyavyo kwa wagonjwa na wafiwa. Tukishindwa kusafisha picha nne, tunasafisha mbili.

WATOTO WATAKAPOULIZA

Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 4, tunasoma jinsi Israeli walivyovuka Yordani. Mungu aliwaagiza wachukue mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha, ili watoto wao watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Tuangalie vizuri: Mungu alijua kwamba mtoto haanzi na mafundisho. Anaanza kwa kuona kitu, kisha anauliza. Pasipo jiwe, hakuna swali, na pasipo swali jibu la mzazi linakufa naye.

Watoto wetu wanakwenda mbali siku hizi. Wako Bukoba, Mwanza, Dar es Salaam, Kampala, wengine ng'ambo za bahari. Huko wanapanga vyumba ambavyo havina kumbukumbu yoyote. Wakirudi likizo wanakuta nyumba mpya, barabara mpya, miti mipya. Wataulizaje habari za wema Mungu aliowatendea babu na bibi, ikiwa hakuna jiwe hata moja lililosimama?

Kwa hiyo, mama mpendwa, hatukuambii uzuie nyumba mpya isijengwe wala bati jipya lisipigwe. Mama mkwe wako anastahili paa lisilovuja. Tunakuomba jambo dogo tu. Kabla masika hayajaanza, mwendee aliye mzee kuliko wote katika ukoo wenu. Msalimie kwa heshima, msaidie kuvaa kitenge chake kizuri, muweke mlangoni mwa nyumba yake, umpige picha. Kisha muulize, "Mama, katika nyumba hii ni mahali gani unapopakumbuka zaidi?" Halafu kaa chini usikilize, hata kama giza litaingia.